Nova inaonekana kwa macho. Mionzi ya gama inatafutwa ya nini?

Mwalimu mmoja wa fizikia katika sekondari ya hapa Malindi ameuliza hivi:

"Juni 2025 niliwatoa wanafunzi uwanjani usiku tukaitafuta V462 Lupi, nova iliyokuwa imelipuka siku hizo. Mawingu ya kusi yalitusumbua, lakini tuliiona kwa darubini ya mkono. Tangu hapo wananifuata na maswali. Juzi wamesoma kwamba nova ikilipuka kuna wataalamu wanaoitafutia mionzi ya gama, na mara nyingi wanaandika kwamba hawakuiona, wanatoa 'kikomo cha juu' basi. Mmoja akaniuliza: nyota yenyewe inaonekana, wanatafuta nini tena? Na wasipokipata wanaandika cha nini? Wengine wanataka kujua kama San Marco, kile kituo cha anga cha Waitaliano pale Ngomeni, ina mkono katika kazi hii, na kama wao wenyewe wanaweza kujaribu. Na je, mionzi hiyo haitudhuru?"

Mwalimu, hilo la mwisho nilimalize kwanza: haitudhuru. Angahewa huizuia mionzi ya gama isifike chini, na hata ile inayofika juu ya angahewa kutoka kwenye nova ni kidogo mno. Tukianza kuihesabu utaona mwenyewe ni kidogo kiasi gani.

Sasa huyo aliyeuliza "wanatafuta nini tena". Nyota mliyoitazama iligunduliwa tarehe 12 Juni 2025 na mtandao wa darubini za ASAS-SN, katika kundinyota la Dhibu. Chanzo chake ni nyota kibete nyeupe, yaani kiini cha nyota iliyokwisha maisha yake, chenye uzito unaokaribia wa Jua katika umbo lenye ukubwa kama wa Dunia. Kibete hiyo ina mwenzake, na humnyonya haidrojeni kwa miaka mingi. Tabaka la haidrojeni likishakuwa nene, chini yake hubanwa na kupata joto hadi muungano wa viini unawaka kwa ghafla, na gesi yote ya juu inarushwa nje. Kibete yenyewe hubaki salama na kuanza kunyonya upya. Hapo ndipo nova inapotofautiana na supanova.

Waambie wanafunzi wako wapige hesabu ya nishati, kwa sababu swali zima limo humo. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga tunaouona, ina elektronivolti 2 hivi; elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati. Moto wa nova ukifika nyuzi milioni 200, chembe zake zina wastani wa makumi ya maelfu ya elektronivolti. Miitikio ya viini inayowaka humo hutoa fotoni za elektronivolti milioni moja, au milioni chache. Lakini setilaiti ya Fermi inapotafuta mionzi ya gama ya nova, inaanzia elektronivolti milioni 100 na kupanda hadi bilioni nyingi. Hakuna joto ndani ya nova linaloweza kutoa fotoni kama hiyo, wala hakuna mwitikio wa kiini humo unaoifikia. Kwa hiyo ikionekana, lazima kuwe na kitu kingine kinachozisukuma chembe mojamoja hadi karibu na kasi ya mwanga. Kitu hicho ndicho kinachotafutwa. Nova inayoonekana kwa macho inatuambia mlipuko umetokea. Haituambii kwamba ndani ya gesi yake kuna mtambo wa kuongeza kasi ya chembe.

Kabla ya 2010 wachache tu walidhani mtambo huo upo. Machi mwaka huo V407 Cygni ililipuka, ikagunduliwa na Wajapani wawili wasioajiriwa kwa kazi hiyo, Koichi Nishiyama na Fujio Kabashima, na Fermi ikaona mionzi ya gama kutoka palepale. Maelezo ya haraka yalipatikana: mwenzake wa kibete ile ni jitu jekundu, yaani nyota kubwa iliyovimba, lenye upepo mzito, kwa hiyo gesi ya nova iliugonga upepo huo. Wengi waliridhika na kuihesabu nova hiyo kuwa ya pekee. Miaka miwili baadaye zikaja V1324 Scorpii na V959 Monocerotis, ambazo hazina jitu jekundu wala upepo mzito wa kugongwa, nazo zikatoa mionzi ya gama vilevile. Hapo maelezo ya mwanzo hayakutosha tena.

Picha za redio za V959 Monocerotis, zilizochapishwa 2014, ndizo zilizofungua mambo. Gesi ya kwanza hutoka polepole na kukaa zaidi kwenye bapa ambamo nyota hizo mbili zinazungukana. Baada yake hutoka upepo wa kasi, wa kilomita elfu moja hadi elfu kadhaa kwa sekunde, unaoigonga ile ya polepole kwa nyuma. Nova inajigonga yenyewe. Penye mgongano hutokea wimbi la mshtuko, na protoni iliyonaswa na usumaku wa hapo huvuka wimbi, ikarudishwa, ikavuka tena, na kila mara huongezewa nishati kidogo. Ikishapata nishati ya kutosha ikagonga protoni nyingine ya gesi, huzaliwa paioni isiyo na chaji, chembe ya muda mfupi mno, ambayo huvunjika papo hapo kuwa fotoni mbili za gama. Elektroni nazo zinaweza kupandishwa hivyohivyo, kisha zikaipiga fotoni ya kawaida ya mwanga na kuigeuza kuwa ya gama. Ni ipi kati ya hizo mbili inayofanya kazi kubwa zaidi? Hilo ndilo linalobishaniwa, na huwezi kulijua bila kuhesabu fotoni katika kila daraja la nishati.

Kuna jambo la ziada ambalo mimi huliona kuwa zuri kuliko yote. ASASSN-16ma ya 2016, na V906 Carinae ya 2018, zilionyesha mwanga wa kawaida na mionzi ya gama vikipanda na kushuka pamoja. Kama mwanga wote ungetoka kwenye kibete inayowaka katikati, na gama kwenye mgongano wa mbali, visingekwenda sawia namna hiyo. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga wenyewe, ule unaoonekana kwa darubini ya mkono, inaweza kuwa inatoka penye mshtuko: gesi inagongana, inapata joto, inatoa eksirei, gesi nzito inayozunguka inazimeza na kuzitoa upya kama mwanga wa kawaida. Kwa hiyo mjibu mwanafunzi wako hivi: wanatafuta mionzi ya gama ili wajue hata ule mwanga alioutazama uwanjani ulitokana na nini.

Nije sasa kwa "wasipokipata wanaandika cha nini". Hapa nitakaa kidogo, maana hata magazeti huliandika vibaya.

Chukua nova ya gama ya kawaida. Mkondo wake, yaani wingi wa fotoni zinazotufikia, unaweza kuwa fotoni mbili katika kila sentimita ya mraba kwa sekunde milioni kumi. Igeuze iwe mita ya mraba na utapata fotoni moja kila dakika nane hivi. Chombo kikuu cha Fermi, kiitwacho LAT, hakina lenzi wala kioo, kwa sababu fotoni ya gama hupenya vyote viwili. Kina tabaka za bati jembamba la tungsteni. Fotoni ikilipiga moja hugeuka kuwa elektroni na pozitroni, na njia za chembe hizo mbili zikifuatiliwa ndani ya silikoni zinaonyesha fotoni ilitoka upande gani. LAT huona sehemu moja ya tano ya anga kwa wakati mmoja na kuimaliza anga yote kila baada ya saa 3. Kwa hiyo nova moja hupata mgao wake tu, na siku nzima huenda ikaambulia fotoni kumi au ishirini. Hiyo ndiyo "mionzi" tunayoizungumzia.

Tena fotoni za nishati ya chini, karibu na elektronivolti milioni 100, hazielekezi vizuri. Mwelekeo wa kila moja unaweza kukosewa kwa nyuzi 5, upana wa miezi mipevu kumi iliyopangwa mstari. Za nishati ya bilioni moja zinakosewa kwa chini ya nyuzi moja, lakini hizo ni chache zaidi. Na nova nyingi hutokea kwenye bapa la Njia Nyeupe, mahali ambapo miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kubwa zinazozurura angani, hugonga gesi iliyotapakaa katikati ya nyota na kuwaka gama mchana na usiku, nova iwepo isiwepo.

Fikiria uko nje baharini usiku, unatafuta taa ya ngarawa moja iliyo kati yako na mji wa Malindi, taa zote za mji zikiwa nyuma yake. Taa hiyohiyo ukiitazama upande wa bahari wenye giza ungeiona mara moja. Usipoiona mbele ya mji, huwezi kusema ngarawa haipo. Unachoweza kusema, na ukakisimamia, ni kwamba taa yake haizidi ukali fulani, kwa sababu ingezidi ungeitambua hata mbele ya mji. Huo ukali ndio kikomo cha juu.

Kikokotozi cha kazi hii hulinganisha maelezo mawili ya data ileile. La kwanza linasema: fotoni zote hizi ni za Njia Nyeupe na vyanzo vinavyojulikana. La pili linasema: ongeza chanzo kipya penye nova. Kisha huulizwa la pili linaifaa data kwa kiasi gani kuliko la kwanza, na jibu ni namba inayoitwa TS. Ikifika 25 wataalamu husema wamegundua; hiyo ni karibu sawa na kiwango cha sigma 5, yaani uwezekano wa kudanganywa na bahati tu ni chini ya mmoja katika milioni. Ikiwa 3 au 4 hawagundui kitu, lakini wanaandika ni mkondo gani ambao, kama ungekuwepo kweli, data ingeufichua mara 95 katika 100. Kwa maneno mengine, kupima kumefanyika. Aliyeandika "hatukuona" bila namba hajasema lolote. Aliyeandika "hatukuona, na mkondo hauzidi kiasi hiki" ametoa kipimo.

Na vipimo vya namna hii vina uzito wake. Agosti 2013 V339 Delphini ililipuka, Fermi ikaiona. Darubini za MAGIC za kisiwa cha La Palma, zinazotafuta nishati za juu zaidi, ziliielekea na hazikuona kitu. Kwa kuweka kikomo chao kando ya kipimo cha Fermi, watafiti wa MAGIC walipata kwamba, kwa mfano wa hesabu waliotumia, nguvu iliyobebwa na protoni zilizoongezwa kasi haikuzidi takriban asilimia 15 ya ile ya elektroni. Hayo yamepatikana kwa kutoona.

Miaka minane baadaye mizani iliinama upande mwingine. Tarehe 8 Agosti 2021 RS Ophiuchi, katika kundinyota la Hawaa, ililipuka tena. Ilikwisha kulipuka mara kadhaa tangu 1898, na mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 2006. Darubini za H.E.S.S. zilizoko nyanda za juu za Khomas, Namibia, ziliigeukia usiku uliofuata na kuiona. MAGIC nayo iliiona. Ilikuwa nova ya kwanza kuthibitishwa katika nishati zinazokaribia elektronivolti trilioni moja. Darubini hizo zinakaa ardhini na hazipokei gama yenyewe. Fotoni yenye nishati kubwa hivyo inapoigonga angahewa huzaa mvua ya chembe zinazotoa mmweko wa samawati wa nanosekunde chache, na mmweko huo ndio unaopigwa picha. Mionzi ya Fermi ilifika kilele siku moja hivi baada ya kilele cha mwanga. Ile ya H.E.S.S. ilichelewa siku mbili zaidi. Kuchelewa huko kunaendana na protoni zinazohitaji muda ili zipandishwe hadi kiwango hicho, kwa hiyo safari hii hoja iliangukia upande wa protoni. Naona ubishi umekaribia kwisha kwa nova zenye jitu jekundu. Kwa zile za kawaida, kama mliyoitazama nyinyi, bado una pumzi.

Wakati nao hutoa vikomo vingi kuliko watu wanavyodhani. Nova haitoi gama kwa ratiba moja. ASASSN-16ma iligunduliwa tarehe 25 Oktoba 2016, lakini gama yake ilianza tarehe 8 Novemba, ikadumu siku 9. Aliyetazama wiki ya kwanza peke yake angetangaza hakuna kitu. V5668 Sagittarii ya 2015 ilitoa gama hafifu kwa siku 55. V959 Monocerotis ilionekana na Fermi mnamo Juni 2012 kabla mtu yeyote hajaiona kwa mwanga, kwa sababu ilikuwa karibu na Jua angani. Ikabaki chanzo kisichojulikana hadi Agosti, Jua liliposogea na mtazamaji mmoja wa Japani akaiona. Vyombo navyo huharibika. Machi 2018 paneli moja ya jua ya Fermi ilikwama, chombo kikazimwa kwa muda, na ndio mwezi ambao V906 Carinae ililipuka. Siku zake za kwanza LAT haikuziona. H.E.S.S. ilibidi ikatize kuitazama RS Ophiuchi kwa sababu ya mbalamwezi. Ukisoma "hawakuona", uliza kwanza walikuwa wakitazama lini.

Mfano mkali kabisa si wa gama bali wa eksirei. Nadharia ilikwisha kusema tangu zamani kwamba nova ikiwaka, kabla gesi haijapanuka na kung'aa, kutakuwa na mmweko mfupi wa eksirei za nishati ndogo. Kuuona kunataka chombo kiwe kinatazama mahali hapo kabla hujajua kuna nova. Tarehe 7 Julai 2020 chombo cha eROSITA, kilichokuwa kikipita angani kwa mzunguko wa saa 4, kiliuona kwenye mpito mmoja. Mpito uliotangulia haukuwa na kitu, uliofuata haukuwa na kitu. Nova yenyewe, YZ Reticuli, iligunduliwa kwa mwanga tarehe 15 Julai. Ilikuwa bahati, ndiyo, lakini bahati ya aliyekuwa akifagia anga yote bila kuchoka.

Kuna utafutaji mwingine ambao mpaka sasa haujatoa ushahidi madhubuti. Moto wa nova hutengeneza viini visivyo imara, kama beriliamu-7 na sodiamu-22, na kila kimoja kikioza hutoa fotoni ya gama ya nishati maalumu: elektronivolti elfu 478 kwa beriliamu, milioni 1.275 kwa sodiamu. Beriliamu-7 imeonekana kwa njia nyingine, katika mwanga wa V339 Delphini, na ni habari kubwa kwa sababu huoza kuwa lithiamu, kwa hiyo nova zinaweza kuwa chanzo kikubwa cha lithiamu ya galaksi yetu. Lakini fotoni zake za gama ni chache, na vyombo vya eneo hilo la nishati ni dhaifu. Nova italazimika kuwa karibu nasi.

Ngomeni sasa. San Marco haikuhusika na Fermi: data ya Fermi huteremshwa kupitia setilaiti za kupokezana za NASA. Lakini ukiuliza kazi ya kutazama anga kwa eksirei na gama ilianzia wapi, utarudi kwenye zile jukwaa mbili za chuma katika ghuba ya Ungwana. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka pale ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa eksirei za angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti wake alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia 2002. Tarehe 15 Novemba 1972 ikafuata SAS-2, ya mionzi ya gama, ambayo kabla ya kuzimika Juni 1973 ilichora kwa undani mng'ao wa gama wa bapa la Njia Nyeupe. Ni mng'ao uleule nilioufananisha na taa za mji. Kila anayetafuta nova leo lazima autoe kwanza katika hesabu yake.

Watu hudhani Waitaliano walichagua Ngomeni kwa ajili ya roketi kusaidiwa na mzunguko wa Dunia. Hilo lipo, ila kwa setilaiti hizi kuna sababu nyingine iliyo muhimu zaidi: ukirusha kutoka nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, setilaiti inaweza kuzunguka juu ya ikweta na kukwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako ukanda wa mionzi ya Dunia hushuka chini na kuvijaza vyombo hesabu za uongo. Kwa anayehesabu fotoni chache, kupunguza kelele ni sawa na kuongeza ukubwa wa chombo.

Ariel 5 ya Uingereza nayo iliondoka hapo, tarehe 15 Oktoba 1974, na Agosti 1975 ikagundua chanzo kilichong'aa kwa eksirei kuliko kingine chochote cha nje ya mfumo wa Jua kwa wakati huo. Wakakiita nova ya eksirei. Wanafunzi wasichanganye: mle ndani mna shimo jeusi, na kilichowaka ni gesi inayolizunguka. Si nova ya aina tunayoizungumzia.

Kurusha roketi kulikoma 1988. Kituo cha kupokea mawimbi kilibaki na kinafanya kazi. Setilaiti ya AGILE ya Italia, iliyofanya kazi ya mionzi ya gama kuanzia 2007 hadi ilipoanguka angahewani Februari 2024, ilikuwa ikiteremsha data yake Malindi. Swift na NuSTAR, zinazotazama eksirei, huongea na Malindi pia. Swift ndiyo huwa ya kwanza kugeuzwa kuelekea nova mpya, na hurudi kwake kwa wiki nyingi hadi gesi itawanyike na uso wa kibete unaowaka uonekane kwa eksirei laini. NuSTAR hupima eksirei kali zinazotoka penye mshtuko, na iliipima hata ile YZ Reticuli. Kwa hiyo waambie wanafunzi kwamba baadhi ya fotoni za nova wanazosoma habari zake zilishukia kwenye ungo wa antena ulio safari fupi kaskazini mwa shule yao.

Kujaribu wenyewe kunawezekana kabisa. Data ya Fermi ni ya bure na huwekwa kwenye intaneti saa chache baada ya kupokewa. Mwenye taaluma na asiye nayo huipata kwa wakati mmoja. Programu za kuichambua, Fermitools, ni za bure pia na huendeshwa kwa lugha ya Paithoni kwenye kompyuta ya kawaida. Usianze na nova mpya. Anza na RS Ophiuchi ya Agosti 2021, ambayo ilikuwa angavu kiasi kwamba mwanafunzi akikosea kidogo bado ataiona. Chukueni fotoni za eneo la nyuzi 10 hadi 15 kuizunguka, zaidi ya elektronivolti milioni 100, wiki mbili kabla ya mlipuko na mwezi mmoja baadaye. Ondoeni zile zilizotoka upande wa ukingo wa Dunia. Angahewa yetu yenyewe inang'aa gama kwa kupigwa na miale ya kosmiki, na asiyeikata huishia kugundua sayari anayoishi. Baada ya hapo rudieni na ASASSN-16ma muone siku 14 za ukimya kabla ya gama kuanza. Mkishaziona hizo mbili, chukueni V462 Lupi yenu.

Hapo kwenye nova yenu kuna mtego. Mkigawanya miezi miwili katika siku mojamoja, mtakuwa na vipande 60. Kiwango cha uhakika cha asilimia 95 maana yake ni kwamba kipande kimoja katika kila 20 kitaonekana kama kina kitu kwa bahati tu. Vipande vitatu hivi vitawadanganya. Amueni kabla ya kufungua data mtatazama siku zipi na mtakubali TS ngapi, mwandike ubaoni, na msifute.

Na kwa macho yenu mna kazi ambayo Fermi haiwezi kuifanya. T Coronae Borealis, katika kundinyota la Kasi ya Masakini, ililipuka 1866 na 1946, na wanaastronomia wanaitazamia tena. Ina jitu jekundu kama RS Ophiuchi, na iko karibu zaidi, miaka ya nuru kama 3,000, kwa hiyo watu wa gama wanaingoja kwa hamu kubwa. Kutoka Malindi hupanda hadi nyuzi 61 upande wa kaskazini, na mwezi wa Juni na Julai iko juu jioni, mawingu yakiruhusu. Katika hali ya kawaida ina mng'ao wa daraja la 10 (namba ikipungua, nyota inang'aa zaidi), darubini ya mkono haiifikii. Ikilipuka hutazamiwa kufika daraja la 2. Wafundisheni wanafunzi nyota za jirani yake ili wakadirie mng'ao kwa kulinganisha, na wapelekeni makadirio kwa AAVSO, chama kinachokusanya vipimo vya namna hiyo kutoka kwa watazamaji wa nchi zote. Wanaochambua gama huhitaji kujua mwanga ulipanda saa ngapi, na huku pwani tunaweza kuwa gizani wakati Ulaya bado kuna jua. Kila kipimo kiandikwe saa yake kwa UTC, yaani saa ya kimataifa: saa mbili usiku ya Malindi ni 17:00 UTC. Kisicho na saa hakitumiki.